Makandi Aandikwe Mtihani

Mgeni rasmi, Bi. Wambeti, Afisa wa Elimu ya Watu Wazima, walimu wetu, majirani: Bwana asifiwe.

KARIBISHO
Sisi wanafunzi wa darasa la jioni hapa Nkubu tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tuliomba wiki nzima mvua isikuzuie, na imengoja mpaka ukaingia ndani.

TULIKOTOKA
Tulianza tukiwa saba. Leo tu thelathini na mmoja. Kwa kuwa wengi hutoka shambani wamechelewa, tulifungua grupu la simu la kutumiana masomo. Msimamizi tulimchagua Kagwiria, huyu anayekusomea, muuza viazi wa soko la Gakoromone. Akina mama wakigombana sokoni, yeye huwaketisha, akasikia huyu, akasikia yule, ndipo aseme.

MAFANIKIO
Mwaka jana wanne wetu walifaulu mtihani. Mzee Kathuri, mwenye miaka sitini na minane, sasa huandika mwenyewe. Hutuandikia maombi kila siku, tena marefu.

CHANGAMOTO
Hapo ndipo tulipochanganyikiwa. Jioni moja, katikati ya hesabu, Mzee alituma maombi matatu mfululizo. Makandi, fundi wa cherehani kule Kaaga, akaandika: "Mzee wetu, hata Mungu anajua hii ni saa ya hesabu." Tulicheka. Mzee akajibu: "Anayechukia maombi ni wa Shetani." Kagwiria akaona moto unawaka, akamtoa Makandi kwenye grupu. Mzee hakumtoa, kwa heshima ya mvi.

Kagwiria alidhani kumtoa mtu ni kama mwalimu anavyomtuma mwanafunzi nje apoe, kisha hurudi mwenyewe. Akangoja. Kila asubuhi aliomba, "Bwana, mrudishe Makandi." Hakujua kwamba mlango ule hufunguliwa na aliyeufunga. Makandi naye aliamini amefukuzwa darasani kabisa, akainamia cherehani yake. Tangazo la usajili wa mtihani likapita kwenye grupu. Usajili ulipofungwa, jina lake halikuwemo.

Kagwiria ametuuliza: sokoni husikia pande mbili, kwenye simu masikio aliyaacha wapi? Na anayetetea maombi kwa tusi, bado anaomba? Siku hizi Mzee hatumi kitu. Hatujui kama ni toba au ni hasira.

MAOMBI
Tulikuwa tumeandika taa, madawati, na mtu wa kutufundisha kusimamia grupu kwa haki. Hayo yanaweza kungoja. Makandi aandikwe. Yuko hapa, benchi ya mwisho. Kagwiria alimfuata hadi Kaaga akaomba msamaha. Kitambaa cha meza iliyo mbele yako amekishona Makandi.

Asubuhi ya leo Mzee Kathuri ametuambia tuongeze mstari mmoja: "Kama nafasi hakuna, apewe yangu. Mimi nitakaa mwaka mwingine." Hatujui kama sheria inaruhusu. Tumeuandika kama alivyosema.

Mungu aliyekuleta akufikishe nyumbani salama, na akupe moyo wa kusikia pande zote.

Ni sisi, Wanafunzi wa Darasa la Jioni, Nkubu: thelathini na mmoja, Makandi akiwemo.