Januarius Nyanda, Aliyepanda Zabibu Penye Pamba

Baba Padre, wazee wetu, ndugu, jirani, nanyi nyote mlioacha mashamba mvua zikianza mkaja Sapiwi, familia inawaomba mtulie kidogo, jambo ambalo marehemu mwenyewe hakuliweza, msikie maisha ya Januarius Nyanda Mahona, nasi tutayasema yalivyokuwa, maana sifa za msibani zilikuwa zinamwasha mwili.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 hapa hapa Sapiwi, Wilaya ya Bariadi, mtoto wa pili wa Mzee Nyanda Mahona, aliyeketi mbele yenu, na marehemu Mama Milembe, ambaye alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alianza kutembea kabla hajajua kukaa. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1979 hadi 1985, sekondari mjini Maswa hadi 1989, kisha chuo cha kilimo alikohitimu mwaka 1993, na mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa bwana shamba, kazi aliyoifanya Maswa, Bukundi na mwisho Bariadi, akihubiri pamba juu ya pikipiki, akihama kabla godoro halijazoea chumba.

Tarehe 12 Juni 1999 alifunga ndoa na Felisita Sayi katika kanisa Katoliki mjini Bariadi, wakajaliwa watoto watatu, Scola, Method na Veronica, ambao wote ni mashahidi kwamba baba yao chakula cha jioni alikila amesimama.

Mwaka 2013 alikwenda Dodoma kwa mafunzo, akarudi na fungu la vipando vya zabibu nyekundu ya Makutupora, ambayo hata wanywaji wengi wa mvinyo hawaijui kwa jina, akaomba kwa baba yake eka moja ya pamba, akaing'oa pamba yote. Mzee Nyanda aliuliza kama sasa ng'ombe watakula zabibu, na tangu siku hiyo hakukanyaga shamba lile wala hakuonja kilichotoka humo. Januarius alipoanza kutengeneza mvinyo, wengine hawakukaa kimya, shemeji yake Sylvester aliuita mvinyo ule dawa ya kikohozi, wengine wakasema divai ni ya altare, na wale waliokuja na magari walisema nzuri sana huku wakiimwaga kwenye maua ya Felisita, naye aliwaona. Januarius hakutaka sifa, alitaka neno moja la kweli, na alilitaka kwa baba yake.

Jumamosi ya tarehe 24 Agosti 2024 aliandaa siku ya kuonja hapa hapa uwanjani, mvinyo wake na mbuzi wa kuchoma, michembe ya viazi vitamu na karanga, akamleta Bi Joyness, mwonjaji wa mvinyo kutoka Dodoma, na kwa kuwa huko ndivyo alivyoona wakifanya, akampa yeye glasi ya kwanza. Bi Joyness akainusa, akauzungusha mvinyo kinywani, akautema kwenye ndoo. Mliokuwepo mnakumbuka glasi zilivyorudi mezani zote kwa pamoja, kwa sababu kwetu mwenye mji ndiye huonja kwanza, ili wageni wajue hakuna sumu, na hapa ameonja mgeni, tena ametema. Mama wa watu alieleza kwamba waonjaji hutema ili wasilewe, hakuna aliyemsikiliza, mmoja wetu akauliza kama hospitali inafunguliwa Jumamosi, na Januarius akabaki kuizunguka ile ndoo kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ndipo Mzee Nyanda alipoinuka, akaegemeza fimbo yake kwenye meza, akaichukua glasi mkononi mwa mwanawe, akanywa mbele ya watu wote kama mwenye mji, mpaka chini, kisha akasema: "Mwanangu, hii inakwaruza koo. Niongezee."

Watu wakacheka, wakazishika glasi zao, naye Januarius alipokwisha kumimina akavuta kiti, akakaa kando ya baba yake mpaka jua likazama, na Felisita anasema hajawahi kumwona ametulia vile, siku ya harusi ikiwemo.

Machi 2025 alianza kuvimba miguu, akagundulika kuwa na maradhi ya moyo, si ini, kama baadhi yenu mlivyokwisha kuamua, akatibiwa Bariadi na baadaye Mwanza, akitoroka wodini kwenda kupogoa mizabibu, hadi alfajiri ya tarehe 6 Novemba 2025 alipofariki dunia akiwa na umri wa miaka 54, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, jirani mliopika na kuchota maji bila kuitwa, mabwana shamba wenzake, na Bi Joyness, ambaye amesafiri kutoka Dodoma, na jana alipopewa glasi ya mvinyo aliumeza wote.

Januarius, Mzee amekataa eka yako irudi kuwa ya pamba, asubuhi ya leo amekwenda mwenyewe kuikagua, na kiti chako kiko pale pale kando ya chake. Umezunguka vya kutosha. Kaa sasa, ndugu yetu, upumzike kwa amani, hata kama hujazoea.