Uzio wa Masale wa Mama Elisifa

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Mama Elisifa Swai anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya ukatibu wa jarida letu la upasuaji. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwafuatilia madaktari walioahidi makala.

Si kazi ndogo. Daktari anayetoa kidole tumbo huku akisimulia mpira hushindwa kabisa kuandika kurasa sita. Mama akipiga simu, huyu yuko chumba cha upasuaji, yule yuko msibani Kilema. Mmoja alimzika babu yuleyule mara tatu, na Mama alimpa pole zote tatu.

Ndipo Dkt. Thadeus wa Uru alipogundua dawa. Alikuja bila makala, kashika kitawi cha isale. Sisi Wachagga tunajua: ukiombwa radhi kwa isale, huna budi kusamehe. Mama alisonya, akasamehe, akakichomeka kitawi nje ya dirisha. Kikaota.

Habari zikaenea. Leo ofisi ya jarida imezungukwa na uzio wa masale ambao hata mbuzi hapenyi, na kila shina lina mwenyewe. Ya Dkt. Thadeus peke yake yanatosha kuzungushia kihamba kizima cha migomba. Kijana mmoja alituma picha ya isale kwa WhatsApp, akajibiwa kuwa picha haioti mizizi.

Msamaha wake, hata hivyo, ulikuwa na masharti. Aliyesamehewa alipewa bakuli la mtori na kuketishwa mbele yake mpaka amalize kuandika. Mabingwa wengi tunaowapigia saluti leo walimalizia makala yao ya kwanza hapo, huku Mama akifuma kitambaa na kuwakodolea macho.

Kwa kweli hatukutaka aondoke. Profesa Wenseslaus, mhariri wetu mkuu, alimwandalia mkataba wa miaka miwili zaidi na kumsihi abaki. Jumatatu Mama alikwenda moja kwa moja kwenye uzio, akakata kitawi, akamkabidhi Profesa kwa mikono miwili.

“Nisamehe, baba. Ng'ombe wangu Machame wamenisubiri vya kutosha.”

Profesa alikipokea, akaukunja mkataba wake. Isale halikataliwi.

Asante sana, Mama. Ng'ombe wakupe maziwa tele, magoti yasikusumbue, na uzeeni usimfuatilie mtu yeyote. Dkt. Thadeus anakusalimu, anasema makala yake iko njiani. Tumekusamehe, japo kwa shingo upande, na kitawi chako tumekipanda mlangoni, pale ulipokuwa ukitungojea.