Pale Dunia Inapovuta kwa Uvivu

Benchi letu liko mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, mguu mmoja umeegemezwa tofali. Asubuhi hiyo kahawa ilipoa mkononi mwa Fundi Bomba. Jana alimfungia mama wa mchumba wake tangi jipya juu ya paa, na bombani halikutoka hata tone. Mama aliahidi kupita kijiweni mwenyewe, na posa ilikuwa bado haijajibiwa.

— Usihofu, fundi, akasema Redio, ambaye hakuna taarifa inayompita. Kuna setilaiti mbili zinafuatana angani. Zikikaribia palipo na mvuto mkubwa, ya mbele huvutwa kwanza, nafasi kati yake inatanuka. Ndivyo wataalamu wanavyopima mvuto. Dunia si duara kamili, wala haivuti sawasawa kila mahali.

— Kwa hiyo kwa mama haivuti?

— Inavuta kwa uvivu.

— Ndiyo maana! akadakia Kinyozi. Juzi nimemnyoa jirani yake, nywele zikagoma kuanguka!

— Acha uongo wewe!

— Haki ya nani tena!

Mimi nilikuwa nimetoka kusali muda si mrefu. Mungu anisamehe, nikasema kuku wa mtaa ule wanaruka juu kuliko wa kwetu. Wakanipigia makofi, na nikaona raha.

— Nimwambie hivyo hivyo? akauliza Fundi.

— Kitaalamu! Anza na setilaiti.

Mama akatokea, ndoo tupu mkononi. Tukasimama wote.

— Shikamoo mama!

— Marahaba wanangu.

Fundi akaeleza setilaiti, mvuto, nywele, mpaka kuku wangu. Mama akamsikiliza hadi mwisho.

— Nimekuelewa, baba. Ile koki ya chini ya tangi, uliifungua?

Redio akatazama angani. Kinyozi akachungulia kikombe chake kana kwamba kadondosha kitu humo. Fundi akatoka mbio, ndala moja ikabaki kwetu.

Mama akaketi mahali pa Fundi, akainywa ile kahawa iliyopoa.

— Asije akapaa tu huko, mvuto wenyewe mvivu.

Tulikuwa bado tunacheka, mara vigelegele vya binti yake vikasikika kutoka mwisho wa mtaa, na maji yakipiga bati la beseni. Mama akaiokota ndala, akaikung'uta vumbi.

— Mkwe wangu akirudi, mpeni kahawa ya moto.

Redio akatikisa birika. Tupu. Hakuna aliyejali.

— Mmesikia? akatangaza Redio. Kasema mkwe!