Ukurasa wa Saba wa Mwalimu Chapuchapu

Marehemu dada yetu mkubwa, ambaye shule nzima ilimwita Mwalimu Chapuchapu, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alitembea kabla ya kujua kukaa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari 1979 na chuo cha ualimu 1982.

Alifundisha darasa la tano miaka thelathini na minne, katika chumba kile kile kando ya maktaba. Aliona vitabu vya watetezi wa haki vimeandikiwa watu wazima, akaanza kuwaandikia watoto vyake, vya kurasa kumi na sita, akivishona kwa uzi wa baba. Kila kimoja kilimalizika kwa swali: "Wewe ungefanya nini?"

Kijitabu cha nne kilimhusu dobi wa kike aliyewaongoza wenzake kudai kupita mlango wa mbele wa hospitali, enzi ambazo watu wa hali yao walipitishwa nyuma. Kwenye ukurasa wa saba marehemu aliandika: "Hakuogopa hata kidogo." Mwaka 2009 binti wa dobi huyo alifika darasani na kijitabu mkononi.

"Mwalimu, nani kakwambia mama hakuogopa? Siku ya kwanza alitoka mbio, akajificha nyuma ya pipa la maji mpaka jioni. Kesho yake ndiyo akarudi."

Msichana mmoja ambaye tangu Januari hakuwa amenyoosha mkono aliuliza, "Kumbe mtu anaweza kukimbia, halafu akarudi?"

Tangu siku hiyo marehemu hakutulia. Nakala mia tatu na kumi na mbili zilikuwa zimeshakwenda majumbani na wanafunzi. Alizifuata nyumba kwa nyumba, na peni yake, kuusahihisha mstari ule.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Agosti 1988 na fundi baiskeli, shemeji yetu mpole. Shemeji alimwambia mara nyingi, "Mama watoto, ni mstari mmoja tu. Kaa ule."

"Mtoto mwoga akiusoma atajiona hafai. Nisogezee viatu."

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2021. Daktari alimkataza kupanda ngazi. Akawa anasimama chini na kuita wenye nyumba washuke. Alipolazwa mara ya mwisho alimuuliza muuguzi, "Wewe mwenzangu ulisoma shule gani?" Muuguzi alikuwa mwanafunzi wake. Kesho yake alileta nakala, ikasahihishwa pale pale kitandani. Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 63.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na wadogo zake wanne.

Ameacha pia nakala kumi na tisa ambazo hazijapatikana. Aliye nayo nyumbani, tunamwomba afungue ukurasa wa saba, akate mstari wa tatu, aandike juu yake: "Aliogopa, akakimbia, kesho yake akarudi." Kisha ampe mtoto asome.

Mungu amtulize dada yetu. Sisi tusitulie bado.