Kopo la Fundi Sulaimani

Mheshimiwa Meja, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, ndugu wageni waalikwa, wazazi mliotoka mbali na mliotoka hapa hapa Katwe, nanyi mafundi ishirini na wawili mtakaopokea vyeti leo, na wewe Bi Shamsia, uliyekaa karibu na mlango, ambaye kwa haki ningekutaja kwanza: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeruhusiwa kusema nikiwa nimeketi, na ninashukuru, kwa sababu miguu yangu haiwezi tena kunibeba kwa muda mrefu. Daktari amenieleza hali yangu bila kuficha, nami leo nitamwiga. Kwenye ratiba mliyonayo imeandikwa kwamba nikimaliza hotuba hii nitavuta kitambaa pale mlangoni pa karakana mpya, na chini ya kitambaa kile kuna kibao chenye jina langu. Naomba kitambaa kisivutwe. Karakana imepewa jina langu kwa sababu ya kipimo cha udongo ambacho kila mwanafunzi wa chuo hiki anakiita Kopo la Maftah. Nimeficha kwa zaidi ya miaka minne kwamba kopo lile si langu. Ni la Fundi Sulaimani, mume wa Bi Shamsia, yule yule ambaye ninyi mnamfahamu kwa jina la Dobi.

Naona baadhi yenu mmetabasamu. Siwalaumu. Mimi ndiye niliyewafundisha kutabasamu.

Je, hamkumbuki somo la kwanza la kila mwaka? Niliwaambia kwamba alikuwapo fundi mmoja aliyeingia ofisini kwangu kunieleza kuwa udongo unafua nguo. Mkacheka, nami nikangoja mmalize kucheka, kisha nikawaambia mwandike: fundi asiyeweza kusema wazi, nyumba yake haitasimama. Sentensi hiyo imo katika madaftari yenu, kwa wino. Leo mkifika nyumbani, ifuteni.

Sasa nitawasimulia kisa hicho kizima.

Mwaka 1972 mhandisi wetu aliondoka nchini na sanduku moja, pamoja na Wahindi wenzake wote waliofukuzwa, nami niliyekuwa msimamizi wa chini yake kwa miaka kumi na tisa nikapewa kiti chake na ufunguo wa ofisi ya ujenzi. Nilikuwa mtu wa kusoma. Nilisomea Mengo, na nyumbani kwetu tulisema Kiswahili cha babu, aliyekuja na biashara kutoka pwani; mtoto aliyekosea herufi mbele ya wakubwa alirudishwa mlangoni aingie upya na kusalimu upya mpaka aseme vizuri. Nilirudishwa mara nyingi. Nilipokuwa mtu mzima nilidhani kila mtu anastahili kurudishwa mlangoni, na kwamba mwenye haki ya kumrudisha ni mimi. Kiswahili kilipotangazwa lugha ya taifa, nilifurahi kupita kiasi. Nikaweka sheria kwamba mbele ya meza yangu hakuna Kiganda wala lugha nyingine yoyote. Kiganda chenyewe nakijua kama ninavyozijua njia za Mengo, lakini niliwazuia watu wasiseme nami kwacho, na mtaona kizuizi hicho kilifanya nini.

Mwanzoni mwa mwaka 1974 tulipewa kazi ya kujenga nyumba kumi na mbili za familia za askari polisi, bondeni kule Luzira. Mwezi wa Januari udongo ule mweusi ulikuwa umekauka na kupasuka hata mtu aliweza kuingiza mkono katika ufa mpaka kwenye kiwiko. Msimamizi wa waashi alikuwa Sulaimani, Mganda wa Katwe, aliyeacha shule darasa la tatu na kujifunza Kiswahili chake kwenye maeneo ya ujenzi na kwenye malango ya kambi. Kama Waganda wengi, pale ambapo mimi naweka r, yeye aliweka l. Kila mtu humu anamjua mtu wa namna hiyo, na wengi humu ndio wenyewe.

Aliingia ofisini asubuhi, akavua kofia.

"Ssebo," alisema, "ile udongo ya Luzira iko nafula."

Ofisini alikuwamo karani wangu Jafar na wapima ardhi wawili. Nikaweka kalamu chini.

"Inafula? Inamfulia nani, Sulaimani? Polisi wote au maofisa peke yao?"

"Mpelekee sabuni basi," Jafar akasema, "udongo wa watu usichoke."

Wapima ardhi wakacheka mpaka mmoja akashika meza. Sulaimani naye alicheka, kama mtu anavyocheka wakubwa wake wanapocheka, huku ananitazama mdomoni ili ajue amekosea wapi. Kisha akarudia, "Iko nafula, ssebo," na safari hii akaweka viganja vyake viwili mezani akaviinua polepole kwenda juu. Nikamwambia aende kazini. Kabla ya saa ya chakula ofisi nzima ilikuwa inamwita Dobi.

Kesho yake alirudi mlangoni, akaingia upya. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga mkononi.

"Nimeleta kopo," alisema. "Kama mdomo yangu iko nakosea, kopo itasema."

Mnajua alilolifanya, kwa kuwa mmelifanya wenyewe katika karakana zetu. Udongo wa Luzira ulioanikwa na kutwangwa, umejazwa mpaka vidole vitatu chini ya ukingo. Maji juu yake, polepole, mpaka yafike ukingoni. Kopo dirishani, lisiguswe. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumatatu nilipofungua ofisi maji yalikuwa yamenywewa yote, na udongo ulikuwa umepanda ukapita ukingo, umevimba kama mkate uliozidishwa hamira. Kopo lilikuwa limesema. Udongo ule ukipata mvua unafura, unakuwa na nguvu ya kuinua zege na kuta zilizo juu yake. Ukikauka unanywea na kuziacha hewani. Na kila upande wa nyumba hufanya hivyo kwa wakati wake, kwa hiyo sakafu haiinuki kama meza inavyoinuliwa na watu wanne walioelewana. Inapinda.

Tiba yake mnaijua. Ninyi mkiulizwa usingizini mtaisema: chimba futi nne, ondoa ule mweusi wote, jaza moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, kwa tabaka la shubiri moja moja, kila tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa, weka boriti za zege zenye nondo nne chini ya kila ukuta, jenga mfereji kuzunguka nyumba ili maji ya paa yasinywewe na ukingo wa msingi, wala asipande mtu mgomba karibu na ukuta. Mlidhani nimeyatoa vitabuni. Sulaimani alinionyesha yote hayo Jumatatu ile, kwa kijiti, mchangani nje ya ofisi, karibu bila maneno, kwa sababu alikuwa ameanza kuyaogopa maneno. Aliomba majuma sita zaidi.

Mheshimiwa Meja, sitajificha nyuma ya nyakati zetu. Ingekuwa rahisi, na wapo humu ambao wangenihurumia. Lakini afisa aliyesimamia mradi ule alinipigia simu siku ile ile, kopo likiwa mbele yangu, akaniuliza, "Mzee, Machi mtakuwa tayari? Kama bado, sema sasa, familia zitangoja kwenye mahema." Alikuwa amenifungulia mlango. Nikamjibu kwamba tutakuwa tayari. Je, ningemwambia nini? Kwamba fundi wa darasa la tatu, niliyemcheka mbele ya karani wangu, amejua jambo ambalo mimi sikulijua? Nilikwenda nyuma ya ofisi, nikaumwaga ule udongo, nikaliosha kopo, nikaweka kalamu zangu ndani yake. Ni hili hapa mezani. Mmeliona kila siku ya masomo.

Tukamwaga zege, unene wa inchi nne, juu ya moramu ya inchi mbili, juu ya udongo mkavu wenye nyufa. Sulaimani alisimama pale akiangalia, akafanya nilichomwamuru. Machi funguo zikakabidhiwa, bendi ikapiga.

Mei milango ilianza kukwama. Nikapeleka seremala akairanda. Julai udongo uliponywea, milango ile ile iliyorandwa haikuweza tena kufungika, na ufa ukatokea sakafuni kutoka mlangoni mpaka jikoni. Nikaagiza uzibwe kwa simenti. Novemba mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Saa nne asubuhi, katika nyumba ya saba, ukuta wa kati ulimwangukia Joska, mke wa Koplo Odur, akiwa ameketi sakafuni anapepeta simsim, ufuta wa kwao. Majirani walipomtoa alikuwa amekwisha kufa. Nilifika pale mchana. Simsim ilikuwa imeingia katika nyufa zote za sakafu, nyeupe, na hakuna aliyethubutu kuifagia.

Iliundwa kamati ya uchunguzi. Mwenyekiti aliniuliza, "Fundi huyu alikuambia nini kuhusu udongo?" Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikasema, "Mheshimiwa, aliniambia kwamba udongo unafua nguo." Watu wakacheka. Mwenyekiti alijaribu kujizuia, akashindwa. Sulaimani alikuwa ameketi umbali kama wa mimi na mstari wenu wa kwanza. Hakuulizwa juu ya kopo, na mimi sikulitaja. Baada ya kicheko kile shauri lilikuwa limekwisha. Lawama ilimwangukia yeye: mahakama ilimpa miaka mitatu jela, na cheti chake cha uashi kikafutwa. Mimi nilihamishiwa hapa kufundisha, na katika juma la kwanza, nilipokosa la kuwaonyesha wanafunzi, nilichukua kopo lililokuwa na kalamu zangu.

Majuma matatu yaliyopita nilikuwa nimeketi barazani pa hospitali, Mengo, nikingoja dawa. Mama mmoja alisimama mbele yangu, akapiga magoti kidogo kama ilivyo desturi ya Waganda, akaniuliza kwa Kiganda kama mimi ndiye Maalim Maftah. Nikamwambia ndiye. Akasema yeye ni mke wa Sulaimani. Nilitazama pembeni nione kama kuna mtu wa kunisaidia kusimama.

Hakuja kunitukana, Mheshimiwa. Laiti angenitukana. Alisema mume wake ametoka gerezani tangu Januari na hataki kushika mwiko. Hasemi na watu. Mtu akimsalimu barabarani, anaitikia kwa kichwa.

"Kule ndani alikuwa na mwenzake, mtu wa Mombasa," aliniambia. "Walikuwa wakivunja mawe pamoja. Miaka mitatu yule mtu alimfundisha: sema fura, sema fura. Na bado inatoka fula. Anasema ulimi wake ndio uliomwua yule mama. Anasema kama angelitamka vizuri, wewe ungeelewa."

Nikasogea apate kukaa.

"Maalim," akasema, "wewe ni mwenye Kiswahili. Njoo umfundishe. Ni neno moja tu. Akiliweza hilo, labda atarudi kazini."

Nikamwambia anisamehe, siwezi kutembea mpaka kwao, lakini Jumamosi ya mahafali aje naye chuoni, nitamfundisha hapa. Leo asubuhi amekuja peke yake. Nilipomwuliza mume wake yuko wapi, alinijibu, safari hii kwa Kiswahili, "Amesema hawezi kuja, ana nguo za kufula." Sikujua kama alikuwa anatania. Nadhani naye hakujua.

Mkuu wa Chuo, umenitendea wema ambao sikustahili. Naomba kibao kile kigeuzwe, na upande wa nyuma, ambao ni safi, mchoraji aandike jina la mwenye kopo. Mheshimiwa Meja, niliyoyasema yameandikwa katika karatasi yenye sahihi yangu, nitakupa ukiondoka. Naomba ifike kwa wale wanaoweza kumrudishia Sulaimani cheti chake, nami niko tayari kupelekwa popote nitakapohitajika, muda ningali ninao kidogo. Koplo Odur nilimwandikia jana maneno haya haya, naye ana haki ya kutonijibu. Ninyi mafundi, mtakutana na watu watakaowaeleza jambo kwa Kiswahili kilichovunjika, na mtajua zaidi yao herufi, na watajua zaidi yenu udongo. Sina la kuwaongezea.

Bi Shamsia, nilikuahidi somo, na hili ndilo. Ukifika nyumbani mwambie aache kulitamka lile neno, hana deni nalo. Wote mliomo humu mmekuwa mkidhani kwamba sikumwelewa, na kwamba kopo ndilo lililonifumbua macho nikiwa nimechelewa. Yeye mwenyewe amekaa gerezani akiamini hivyo, na mimi nimemwacha aamini. Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sikumfanyia yeye. Lakini kumsikia nilimsikia. Siku ile ya kwanza, kabla ya kopo, alipoviinua viganja vyake kutoka mezani akasema "iko nafula", mimi nilisikia "inafura". Nilielewa, nikajua ni kweli, ndipo nikacheka.