Keki ya Bibi Harusi

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, binti mwenye unga viwikoni alikuwa akimlalamikia mama asiyemjua. “Keki ya harusi yangu, dada alisema niachie mimi. Akamwachia binamu, binamu akamwachia shangazi. Leo shangazi kanipigia: mwanangu, si wewe ndiye mwokaji? Jiokee tu.”

“Kwani harusi lini?”

“Kesho, mama. Nitaingia ukumbini nanuka siagi.”

“Pole. Shukuru una watu.”

“Ninao. Ila mikono yao ni ya kupiga makofi tu.”

Basi likasimama. Akainuka na mfuko wa unga na trei mbili za mayai, anayumba. Sote tukamwambia pole, kisha tukavuta miguu apite.