Kikombe Kimoja cha Munib

Benchi la mbele ya mkahawa wa Zaim, pale mjini Travnik, kijito kinapopita chini ya ngome, lina sheria moja tu: anayekaa, anakunywa. Kahawa huja kwenye buli dogo la shaba, na kipande cha sukari cha kuchovya na kukitia chini ya ulimi, na asiyeigusa ni sawa na mtu aliyekuja kutangaza ugomvi. Ndiyo maana asubuhi ile Munib, fundi wa kunakshi mabuli hayohayo, ambaye kijiweni huitwa Nyundo, alikuwa ameketi roho mkononi, kikombe kimejaa pomoni mbele yake.

Zaim alipita mara ya kwanza, akakitazama. Akapita tena, akasimama.

— Nyundo, nimekukosea nini?

— Hujanikosea kitu, Zaim.

— Basi marehemu mama yangu ndiye aliyekukosea. Kunywa.

Munib akaona liwalo na liwe. Akaeleza kwamba vidole vyake vimekuwa vikifa ganzi na patasi inamponyoka, akaenda kupimwa. Daktari, binti mpole, kamwambia vitamini za kundi la B zimepungua kwenye damu yake. Mwingine hunywa kahawa kutwa asidhurike. Yeye kazaliwa na mwili usiojua kuzitumia vizuri vitamini hizo, na kahawa nyingi huenda inazidi kuzipunguza. Basi atameza vidonge, atakula mboga za majani, na kahawa ni kikombe kimoja kwa siku.

— Na hiki hapa si kimoja? aliuliza Rasim, aitwaye Redio kwa sababu hazimwi.

Munib akainamisha kichwa. Kile kimoja alikwisha kukinywa alfajiri, jikoni, na mkewe Šefika. Tangu waoane hawajaanza siku bila kunywa pamoja, hata zile siku walizonuniana, na asingeweza kumwambia mama wa watu anywe peke yake. Lakini mtoto wao yuko Austria, karakana ni kimya, na bila benchi hili siku yake ingekuwa ndefu mno. Aliogopa, na aliona haya kuogopa kitu kidogo kama kikombe.

Hamdo alijikohoza. Huyu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa mpaka alipostaafu, na kwa kuwa kabeba wengi anajihesabu daktari.

— Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Yako wewe imekuwa maji. Kula maini.

— Methali hiyo ni ya undugu, Hamdo, alisema Redio.

— Kwani maini si ndugu yake damu?

Redio akasema tatizo si damu, ni ukoo. Babu yake Munib alitoka Herzegovina, kwenye jua kali, na watu wa huko kahawa huwachemkia tumboni upya. Munib akamkumbusha kwamba daktari alitaja kurithi, hakutaja jua.

— Basi ulirithi jua, alisema Redio.

Hamdo akaleta ushahidi: aliwahi kumbeba mzee wa Jajce aliyekuwa akimaliza mabuli kwa mabuli, akafa kikongwe kabisa, na kilichomuua ni ngazi. Zaim alilaumu mashine ya kupimia damu. Imetengenezwa, alisema, na watu wanaokunywa kahawa ya unga wa kopo, sasa itatujulia wapi sisi? Redio hakukubali kushindwa. Akatangaza kwamba vitamini hazipotei, zinazama chini na machicha, na ili kuthibitisha akayabugia yote ya kikombe chake, akabaki anatabasamu na meno meusi.

Munib alicheka mpaka machozi. Kisha kicheko kikamgeukia uchungu, maana haya ndiyo angeyakosa.

Wakati huo alifika Ankica, mama aliyefungua juzi duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, ana bilauri yake mkononi, akaomba nafasi. Hamdo alichungulia ndani ya bilauri, akaona chai ya nanaa, akainuka haraka kumpisha.

— Pole, mama. Unaumwa wapi?

— Siumwi. Naipenda tu.

Hawakumwamini. Huku chai hunywewa na mtu mwenye homa, tena kwa kulazimishwa. Wakamsimulia kesi ya Munib, kila mmoja akimkata mwenzake kauli. Ankica alisikiliza mpaka mwisho, akakitazama kile kikombe kilichokwisha kupoa.

— Sasa kahawa yake kainywa na mkewe. Hapa hanywi. Huyu atakaa wapi?

Zaim akanyoosha mkono, akakiondoa kikombe cha Munib, akaingia nacho ndani. Pale kwao, kumwondolea mtu kikombe ambacho hajakinywa ni kumwonyesha njia. Munib akavaa kofia yake, akaanza kujiinua.

Ndani kabati zilisikika zikipigwapigwa. Mara kichwa cha Zaim kikachomoza dirishani, kikamuuliza Ankica kwa sauti ya chini kama nanaa huchemshwa au humwagiwa maji tu. Alipotoka alikuwa na sinia la bilauri. Akaweka moja mbele ya Munib, moja kwa Hamdo, moja kwa Redio aliyeitazama kwa hofu, na ya mwisho akabaki nayo mwenyewe. Kisha akaketi, jambo asilolifanya kamwe saa za kazi.

— Kaa chini, Nyundo, alisema. Leo tunaumwa wote.